Je, farasi anaponya? Ushahidi unaposimama na unapoyumba

Watetezi wa tiba ya farasi, yaani kumsaidia mtu kiakili au kimwili kwa kumtumia farasi, husema mnyama huyu ni kioo: huusoma moyo wa mtu na kumwonyesha asichojijua. Wapinzani wanaona burudani ya gharama iliyovishwa koti la daktari. Hoja ya kioo ndiyo ya kukaguliwa kwanza, maana ahadi nyingi zimejengwa juu yake.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, naye huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Huishi kwa kunusa hatari mapema. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha jaribio ambapo watu waliongoza au kupanda farasi umbali wa mita 30 mara nne. Kabla ya mara ya mwisho waliambiwa kuwa mwavuli ungefunguliwa ghafla. Haukufunguliwa, lakini mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia. Kwa hiyo farasi huhisi mkazo wa mtu, hilo halina ubishi mkubwa. Ila hajui chanzo chake. Msiba, deni, au hofu ya kwato tu, kwake vyote vinaweza kuwa bega lilelile lililokaza. Anayetia maana ni binadamu aliyesimama kando.

Hapo ndipo mambo huharibika. Katika zoezi moja mashuhuri, farasi hukimbizwa ndani ya uzio wa duara hadi ainamishe kichwa, arambe midomo na kumfuata mtu. Mshiriki huambiwa: “Sasa anakuamini.” Kuramba midomo huonekana zaidi mnyama anapotoka kwenye wasiwasi kuingia utulivu, na kufuata kunaweza kuwa amejifunza tu kwamba karibu na mtu kukimbizwa hukoma. Kumwambia aliyewahi kudhulumiwa kwamba hivyo ndivyo uaminifu unavyozaliwa ni kosa zito.

Kazi ya kawaida ya chini, bila kupanda, ina thamani zaidi kuliko tamthilia hiyo. Mtu humwendea farasi kutoka ubavuni, akielekea bega, huku akisema kitu ili asikike. Husimama hatua mbili tatu kabla ya kumfikia na kusubiri sikio ligeuke. Hugusa bega kwanza, si uso. Brashi ya mpira huzungushwa penye nyama, kamwe si kwenye mifupa ya miguu. Kuinua kwato, husimama kando ya bega akitazama mkiani na kuteremsha mkono polepole hadi juu ya kifundo. Akiongoza, kamba hukunjwa na kushikwa, haizungushwi mkononi, kwa sababu farasi akishtuka itakaza na kuvunja vidole.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kuvuta. Farasi wa kilo 500 huegemea nyuma, na mashindano hayo hakuna binadamu anayeyashinda. Dawa yake ni kulegeza, kumgeuza hatua moja pembeni, kisha kuachia papo hapo anapoinua mguu. Akichelewa kuachia, farasi hajui alichofanya sawa. Hapa mtu hujifunza kwa mwili wake mwenyewe kwamba kuongeza nguvu hakuleti utii, na jibu analipata bila kuhukumiwa. Hata hivyo, bila mtaalamu wa afya ya akili wa kumsaidia kulinganisha hilo na maisha yake, somo hubaki uwanjani.

Kupanda kwa ajili ya viungo ni jambo jingine. Hatua za farasi huyumbisha nyonga za mpandaji kwa namna inayofanana na kutembea, na mtaalamu wa viungo hutumia hilo kujenga usawa wa mwili. Lakini mtoto mwenye ugonjwa wa Down, hali ya kuzaliwa nayo, ambaye mifupa ya juu ya shingo yake haijashikamana imara hapaswi kupandishwa, hata akilia.

Kuhusu ushahidi, wapinzani wana nguvu. Mapitio ya tafiti 14 yaliyochapishwa 2014 yalikuta zote zina dosari kubwa za mbinu. Mwaka 2021 Marekani, wanajeshi wastaafu 63 wenye kiwewe walipitia vikao 8 vya dakika 90. Wengi walipata nafuu, ila hapakuwa na kundi la kulinganishia. Wenye usonji wana utafiti ulio imara zaidi: mwaka 2015, washiriki 127 wa miaka 6 hadi 16 waligawanywa kwa bahati nasibu, na waliopanda kwa wiki 10 walipungua hasira na kuongeza maneno kuliko waliofanya shughuli za bandani bila farasi. Kwa hali hiyo, kumwachisha mtu dawa au ushauri nasaha ili aende kwa farasi hakuna msingi. Kuviongezea kuna maana.

Watetezi wanalisahau jambo moja: hali ya farasi mwenyewe. Aliyechoshwa na vikao husimama kimya, akasifiwa kuwa mpole. Dalili za kutazama ni masikio yaliyolazwa nyuma, mkia unaopigapiga, kuuma mkanda wa tandiko unapokazwa, na macho yasiyofuatilia chochote. Mnyama wa namna hiyo amezima, na zoezi zima linalotegemea majibu yake halina kitu cha kusoma. Mzigo nao, mpandaji pamoja na tandiko, usizidi takriban asilimia 20 ya uzito wake.