Jongoo bahari hakui kwa kalenda

Sisi wa Ujiji tumelelewa na dagaa. Dagaa wa ziwa letu huishi mwaka mmoja hivi, akijitahidi sana mwaka na nusu, na ndani ya muda huo huo anakua, anataga, anakwisha. Ndiyo maana Ziwa Tanganyika lilipopumzishwa uvuvi mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, tulinung'unika lakini hesabu iliingia akilini: miezi mitatu kwa dagaa ni kipande kikubwa cha maisha. Hata umri wake unasomeka. Mtaalamu humpasua kichwa, akatoa kijiwe cha sikio, akahesabu miduara, mmoja kwa kila siku.

Kwa akili hiyo ya dagaa, kikundi chetu cha akina mama kilichota fedha za kikoba na kuziweka kwenye uzio wa jongoo bahari, mnyama laini wa baharini anayekaushwa na kuuzwa, mkoani Lindi. Bara hairuhusiwi kumvua jongoo wa porini; anayeruhusiwa ni wa kufugwa, kwa kibali. Aliyetushawishi alikuja na karatasi yenye mstari ulionyooka, kila mwezi unapanda, na mwezi wa sita umeandikwa MAVUNO. Tukanunua vifaranga 1,000 wa aina iitwayo jongoo mchanga, uzio wa mita 20 kwa 20.

Mwezi wa sita nikatumwa mimi. Treni, kisha basi, kisha miguu kwenye tope. Jioni, maji yakiwa magotini, jongoo walianza kuchomoza mchangani walikojifukia mchana kutwa. Nikamwokota mmoja nikamlaza kwenye ubao wa kupimia: sentimita 14. Akajikaza mkononi mwangu, mgumu kama muhogo mbichi, akamwaga maji. Nikampima tena: 11. Jongoo yule yule, dakika haijaisha.

"Mama, usihangaike na urefu," mlinzi wa uzio akaniambia. "Waweke kwenye chujio, maji yatoke, tupime uzito."

Tulipima hamsini. Wastani gramu 97. Daftari lake la mwezi wa nne lilisema 118. Nikamwuliza kama mzani ni mzima.

"Mzani mzima, mama. Wamesinyaa."

Usiku ule sikulala, nilikaa na kalamu. Jongoo mchanga anakula mchanga: anaumeza, anafyonza uhai mdogo uliomo, anautoa. Mchanga wa uzio una kikomo cha kulisha. Wafugaji hutumia kipimo cha karibu gramu 225 za jongoo kwa kila mita ya mraba. Hubadilika kulingana na mchanga, lakini ukifika hapo ukuaji unasimama, na ukizidisha wanaanza kujila wenyewe kwa ndani. Sasa piga hesabu. Uzio wetu ni mita za mraba 400, sawa na kilo 90. Gawanya kwa vichwa 1,000: gramu 90 kila mmoja. Yule bwana wa karatasi alituuzia uzio ambao tangu siku ya kwanza usingeweza kutoa jongoo wa uzito wa kuvunia, gramu 350, hata tungengoja miaka mitano.

Hili ndilo linaloniuma, na ndilo ninalotaka vikundi vya Kigoma vinavyoitwa kwenye biashara hii vilisikie. Msisaini mkataba wa miezi. Ulizeni mita za mraba, ulizeni vichwa, andikeni uzito wa kuvunia. Jongoo hana kijiwe cha sikio wala magamba ya kuhesabu umri, na mwili wake hurudi nyuma chakula kikipungua. Huko Australia, uvuvi wa aina moja nyeusi yenye bei kubwa ulifungwa mwaka 1999 kwenye Mwamba Mkubwa wa Matumbawe. Miaka miwili baadaye hapakuwa na dalili ya kurudi. Watafiti waliwatambua jongoo mmoja mmoja kwa vinasaba, wakakuta wadogo wanaongezeka uzito na wakubwa wanapungua. Mstari wa karatasi yetu ungewaeleza nini hao?

(Na hapa nyumbani pia, sangala, yule samaki mkubwa wa ziwani, si dagaa. Miezi mitatu inayomfaa mmoja haimtoshi mwingine, ingawa wote wanatoka ziwa moja.)

Mshawishi anasema tuvune hivyo hivyo. Jongoo wa gramu 97, akishatumbuliwa, kuchemshwa na kukaushwa, habakiwi hata na gramu 10. Ni kidole cha mtoto. Mnunuzi atamrusha kwenye fungu la mwisho.

Kikao cha Jumapili kilichukua saa tatu. Wawili wamejitoa, siwalaumu, walitaka ada za shule za Januari. Waliobaki tumekubali kuongeza nyua tatu za ukubwa ule ule na kuwatawanya jongoo humo. Mlinzi atapima tena bamvua lijalo, siku za maji kujaa na kupwa sana, hamsini kama mwanzo, kwa chujio lile lile.