Mtoto aliyechaguliwa amwokoe nduguye

Mwaka 2000 alizaliwa Marekani mtoto aliyechaguliwa tangu akiwa kiinitete cha seli chache. Wazazi wake, wakazi wa Colorado, walikuwa na binti mwenye anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu utengenezaji wa damu. Wataalamu wa maabara walitafuta kiinitete kisicho na ugonjwa huo, na ambacho tishu zake zinalingana na za dada. Alipozaliwa, damu ya kitovu chake, yenye seli za kutengeneza damu, ikakingwa, na mwezi haukuisha kabla dada hajapandikizwa seli hizo. Tangu hapo ubishi haujakwisha: mtu azaliwe awe spea ya mwenzake?

Ili kuupima ubishi huo, lazima kwanza ugonjwa wenyewe ueleweke. Vinasaba vyetu huharibika kila siku na seli huvitengeneza. Moja ya hitilafu mbaya kabisa ni nyuzi mbili za DNA kugandana, zikashindwa kuachana seli inapotaka kugawanyika. Kuzibandua ni kazi ya jeni zaidi ya 20 zinazotegemeana. Kwa kawaida mtoto huugua akirithi nakala mbovu za jeni ileile moja kutoka kwa baba na kwa mama, ambao wao wenyewe hawaumwi. Kipimo chake kinatisha kukitazama: seli za damu zikitiwa dawa inayogandisha nyuzi hizo, hadubini huonyesha kromosomu zilizokatika, na vipande vilivyoungana ovyo hadi vikaota mikono pande zote. Guido Fanconi, daktari wa watoto wa Uswisi, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1927 baada ya kuwaona ndugu watatu wa familia moja. Mara nyingi uboho huanza kushindwa kutengeneza damu kabla mtoto hajatimiza miaka 10.

Tiba ya damu hiyo ni kupandikizwa seli za mtu mwingine. Hapo pana mtego, kwa sababu dawa za kumwandaa mgonjwa nyingi huua seli kwa kuharibu DNA, na seli za huyu haziwezi kuitengeneza. Dozi ya kawaida inaweza kumuua. Eliane Gluckman wa Paris alikuwa miongoni mwa waliopunguza dozi hizo, na mwaka 1988 aliongoza upandikizaji wa kwanza duniani wa damu ya kitovu, kwa mvulana mwenye ugonjwa huu. Seli zilitoka kwa mdogo wake wa kike. Ndugu anayelingana hupendelewa kwa sababu seli zake haziushambulii sana mwili wa mgonjwa, na mashambulizi hayo huongeza hatari ya saratani ya kinywa na koo ambayo tayari inawaandama watu hawa.

Wanaopinga husema mtoto anageuzwa chombo. Sioni uzito mkubwa hapo. Watu huzaa ili wapate mrithi, ili mkubwa apate wa kucheza naye, au bila kupanga chochote, na hatuwaulizi. Hoja yao nzito zaidi ni hesabu. Viinitete 3 kati ya 4 havitaugua, 1 kati ya 4 kitalingana, kwa hiyo vinavyofaa ni 3 tu kati ya 16. Vilivyobaki, hata vyenye afya, vingi havitawekwa tumboni mwa mama. Anayeamini uhai huanza hapo hawezi kulimeza hili, na wala si haki kumwona mjinga.

Wanaounga mkono nao wana hesabu yao. Wazazi wakiamua kubahatisha mimba, kila mara kuna nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwingine mgonjwa. Na damu yenyewe huchukuliwaje? Kitovu kimeshakatwa, mtoto yuko kifuani kwa mama, sindano inaingia kwenye mshipa wa kitovu upande wa kondo la nyuma ambalo lingetupwa. Hachomwi, hapotezi kitu.

Ila damu ya kitovu ni kidogo, na upandikizaji huweza kugoma. Hapo ndipo mimi naona tatizo, na wengi wanalipita haraka. Wazazi wakirudi miaka miwili baadaye kuomba uboho wa mtoto huyo, atalazwa kwa dawa ya usingizi na mfupa wa nyonga kutobolewa. Nani atamsemea, wakati wazazi ni walewale wa mgonjwa? Sheria ya Uingereza ya mwaka 2008 inaruhusu kuchagua kiinitete kwa ajili ya damu ya kitovu, uboho au tishu nyingine, lakini si kiungo kizima. Huko pia, mtoto asiyeweza kuamua mwenyewe hatolewi uboho kabla mtathmini huru hajazungumza naye na wazazi wake. Nchi inayoruhusu uchaguzi maabara bila mtathmini kama huyo imefanya nusu ya kazi.

Kuna pia suala la muda. Kutungisha mimba maabara huweza kushindwa mara kadhaa, miezi tisa ya mimba haipunguziki, na uboho wa mgonjwa unaendelea kufifia. Siku hizi matokeo ya wachangiaji wasio ndugu yamekuwa bora sana kuliko zamani, hasa baada ya dawa ya fludarabini kuingizwa katika maandalizi ya mgonjwa. Aliyepata mchangiaji wa nje anayelingana vizuri, na hali ya damu inashuka haraka, sioni kwa nini ashauriwe kusubiri mtoto ambaye hata mimba yake haijatungwa.