Taa Isiyoshikana na Trasi Haina Uzito

Jumatano iliyopita kijana mmoja mbunifu wa majukwaa aliniletea faili lake la mchoro nilipitie kabla hajalituma kwa mteja. Ilikuwa kazi ya chakula cha jioni cha kampuni, ukumbi wa Westlands, wageni 600. Picha zake zilikuwa nzuri kweli. Ungeona mwanga wa kaharabu ukishuka juu ya meza, skrini ikiwaka nyuma ya jukwaa, hata moshi mwembamba ameuweka. Nikabonyeza kitufe cha kukokotoa uzito. Programu ikajibu kwamba trasi ya mbele, yaani ile fremu ndefu ya mabomba tunayotundikia taa, haibebi chochote isipokuwa uzito wake yenyewe. Taa 24 zilizoonekana zikining'inia pale, kilo 23 kila moja, haikuhesabiwa hata moja. Kilo 552 zilikuwa zinaelea hewani.

"Lakini si unaziona hapo, mkubwa?" akaniuliza.

Nilikuwa naziona. Na hilo ndilo linalonisumbua kuhusu namna tunavyofanya kazi hii Nairobi. Tumejifunza kuchora vitu vionekane vimetundikwa, hatujajifunza kuvitundika. Mteja analipia picha, basi picha ikishapendeza tunaona kazi imekwisha. Halafu siku ya kufunga vyombo, saa nane usiku, lori likiwa mlangoni, watu wanne wanabishana chini ya mnyororo wa kuinulia kuhusu jambo ambalo faili lingewaambia wiki mbili mapema.

Nieleze kidogo kwa wasiozijua programu hizi. Katika Vectorworks Spotlight, ambayo ndiyo ninayoitumia zaidi, taa, spika, trasi na mota za kuinulia si michoro mitupu. Kila kimoja kina taarifa zake ndani: jina, uzito, umeme kinaokula. Ukiikokota taa hadi kwenye trasi, trasi inang'aa kukuonyesha kwamba iko tayari kuipokea, na ukiiachia hapo zinashikana. Tangu saa hiyo ukisogeza trasi nusu mita, taa zinaifuata. Ukiipandisha kutoka mita 6 hadi mita 7, zinapanda nayo. Trasi nayo inashikana na trasi nyingine, kisha na mota, na mota inafika kwenye boriti ya dari. Braceworks, ile sehemu ya kukokotoa, hupita njia hiyo hiyo hatua kwa hatua ikibeba kilo. Njia ikikatika popote, kilo zinaishia hapo.

Mafundi wa nyumba wana neno lao zuri, kenchi, kwa zile mbao zinazobeba paa. Sisi wa jukwaani tumezoea kusema trasi. Lakini sijawahi kumsikia fundi wa kenchi akisema mabati yamekaa karibu na mbao. Yamepigiliwa au hayajapigiliwa.

Kijana wetu alikuwa amechora akitazama kutoka juu, kama tunavyofanya wengi. Ukitazama kutoka juu, taa iliyo sakafuni na taa iliyo mita 6 hewani zinakaa mahali pamoja kwenye karatasi. Baadaye alipogeuza mchoro na kuona taa zake zimelala chini, alizipandisha kwa kuandika kimo kwa mkono, mita 5.8, zikafika mahali pake barabara. Zilifika, lakini hazikupokelewa. Makosa mengine ya jamii hiyo nimeyaona mara nyingi: vipande viwili vya trasi vilivyoachana milimita chache ambazo jicho halioni, au trasi iliyopakuliwa mahali fulani mtandaoni ambayo kwa kweli ni umbo tu, ganda lisilojua kwamba ni trasi. Au spika ambayo sehemu ya uzito imeachwa tupu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mchoraji aliyeketi na kompyuta yake hausikii uzito huo begani. Atakayeusikia ni yule anayevuta mnyororo.

Tulikaa tukashikanisha kila kitu upya. Ilituchukua kama dakika 40. Taa zilipoingia kwenye hesabu, trasi ya mbele ikakubali bila shida. Ni skrini iliyogeuka nyekundu, rangi ya programu ya kusema mzigo umezidi, ambayo yeye hakuwa na wasiwasi nayo hata kidogo.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu ndipo palipo na kiini cha maneno yangu. Skrini ilikuwa ya upana wa mita 8 na kimo cha mita 3, imeundwa kwa vipande vya sentimita 50 kwa 50. Hivyo ni vipande 96, kilo 8 kila kimoja, jumla kilo 768. Trasi inayoibeba ni ya mita 8 na ina kilo 64. Jumla ya vyote ni kilo 832, na juu yake mota tatu zenye uwezo wa kuinua kilo 500 kila moja: moja kila mwisho na moja katikati. Hesabu ya kichwani ni rahisi. Gawanya 832 kwa tatu, unapata kama kilo 277. Kila mota inabeba zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wake, basi tulale usingizi.

Chuma hakigawi hivyo. Boriti moja ndefu iliyolala juu ya vishikizo vitatu vilivyo sawa, mzigo ukiwa umetandazwa sawasawa, huuelekeza mwingi katikati: sehemu tano kati ya nane zinakwenda kwenye kishikizo cha kati, na kila mwisho unabaki na sehemu tatu kati ya kumi na sita. Fanya hesabu hiyo kwa skrini yetu. Mota za pembeni zinabeba kilo 156 kila moja. Ya katikati inabeba 520. Imeshapita uwezo wake kabla hata haijawashwa, na mota inapoanza kuvuta au kusimama huongeza mshtuko wake juu ya hapo. Mtu wa kidhibiti akiacha ile ya kati itangulie kidogo kupanda, inachukua zaidi. Akiiacha ibaki nyuma mpaka mnyororo ulegee, zile mbili za pembeni zinagawana kilo zote 832.

Nimefanya kazi na mafundi wazuri sana wa mji huu, watu wanaoweza kusikia kwa sikio kwamba mota inalemewa, na bado wengi wao wanagawanya kwa tatu. Siwalaumu. Ni nani aliyewahi kuwapa karatasi yenye namba sahihi? Karatasi hiyo inapaswa kutoka kwetu sisi tunaochora, na haiwezi kutoka kwenye faili ambalo vitu vyake vinaelea.

Najua jibu linalokuja, kwa sababu mimi mwenyewe nililitoa kwa miaka: muda hakuna. Mteja anabadilisha mawazo Alhamisi usiku, jukwaa lihamie upande wa dirisha, nani ataanza kushikanisha taa moja moja? Lakini muda unapotelea kwenye faili lisiloshikana. Ukilishikanisha tangu mwanzo, Alhamisi usiku unasogeza trasi tatu na kila kilichomo kinakwenda nazo, pamoja na orodha ya taa kwa kila trasi ambayo mtu wa stoo anaihitaji kupakia lori. Usipofanya hivyo, utasogeza taa 70 kwa mkono na kusahau mbili.

Jibu la pili ni zito zaidi, nami naliheshimu. Baadhi ya trasi tunazokodi hapa zimechomelewa hapa hapa, na fundi aliyezichomelea hana jedwali la uwezo wake. Programu inafahamu trasi za viwanda kwa sababu viwanda vimetoa takwimu zake. Hiyo ya mtaani haiifahamu. Nimeona wenzangu wakichagua kwenye maktaba ya programu trasi ya kiwandani inayofanana nayo kwa sura, ile ya upana wa milimita 290, kisha wanaamini rangi ya kijani inayotokea. Huko ni kumvisha mtu sare ya askari na kumpa bunduki. Trasi kama hiyo ipimwe kwenye mizani, iingizwe kwenye faili kwa uzito wake halisi ili mota zihesabiwe sawa, na kuhusu nguvu yake yenyewe aulizwe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Hata kwa trasi nzuri kabisa, kijani cha programu hakichukui nafasi ya sahihi ya mhandisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inadai vyombo vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na mota zetu si ubaguzi.

Kumbi nazo zina umri wake. KICC, jumba la mikutano la hapa Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1973, wakati hakuna mtu aliyekuwa akitundika skrini za LED popote. Kila jumba la zamani lazima liulizwe dari yake inakubali kilo ngapi na mahali gani, na swali hilo lina maana tu ukienda na namba zako mkononi. Jibu likiwa hapana, tunasimamisha minara kutoka sakafuni, kama tunavyofanya mara nyingi, na mzigo unabaki ule ule. Umebadilisha njia tu ya kufika chini.

Mimi huwa namkumbuka fundi wa ngoma wa Radiohead, bendi ya Uingereza. Tarehe 16 Juni 2012, Downsview Park, Toronto, paa la jukwaa liliporomoka kabla ya mashabiki kuingia, naye alikuwa kazini chini yake, likamuua. Hakukuwa na dhoruba siku hiyo. Watu wengi wakisikia jukwaa limeanguka hudhani upepo, na kweli upepo umeua, Indiana mwaka 2011 watu saba. Lakini paa linaweza kuanguka jua likiwaka, watu wakipanga vyombo.

Basi, skrini ya kijana. Tuliongeza mota ya nne, tukazipanga kwa nafasi sawa. Zile mbili za kati zikashuka hadi kilo 305 kila moja, za pembeni 111. Nyekundu ikaondoka. Akatoa karatasi ya mizigo, namba moja kwa kila mnyororo, akaituma kwa mhandisi wa ukumbi usiku huo huo. Mara ya kwanza katika kazi zake zote, aliniambia.

Ijumaa asubuhi mhandisi alimjibu kwa swali moja: nyaya za umeme za skrini zimo ndani ya hesabu hii?

Kijana akanipigia simu. Hazikuwemo. Nilikuwa bado nafikiria la kumwambia nikasikia vidole vyake vikigonga kibodi. Alikuwa ameshafungua faili.