Samaki wa korosho, ufukweni Mikindani

Jumamosi moja niliwakuta wanafunzi wa sekondari ufukweni Mikindani, mkoani Mtwara, wakivua korosho. Mchangani pamechorwa duara, ndani yake korosho ghafi 40, nje timu nne. Filimbi ikilia, mmoja wa kila timu anakimbia, anachota, anarudi kumgusa mwenzake. Zinazobaki mwisho wa raundi mwalimu anaziongeza ziwe maradufu, maana samaki huzaliana. Isipobaki hata moja, bahari imekufa. Ilikufa raundi ya pili. Wenye rundo kubwa wakashangilia, mpaka msichana mmoja akauliza: "Sasa raundi ya tatu tunavua nini?"

Hapo ndipo penye nguvu ya michezo ya kufundishia maendeleo endelevu. Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, darasani hukaririwa na kusahauliwa baada ya mtihani. Duara lile lilionyesha kwa nini mtu mwenye akili zake anamaliza kitu kinachomlisha: anajua akiacha yeye, mwenzake atachukua. Kisha wakapewa dakika tano za kuelewana. Wakakubaliana kila timu ichukue tano tu. Zikawa zinatoka 20, zinabaki 20, duara linajaa tena. Mmoja alipoficha mbili mfukoni, waliomshtaki ni timu yake mwenyewe. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha jambo hilohilo: watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kujiwekea sheria na kuchungana bila kusubiri amri ya juu. Tena si mambo ya mbali. Huko Kilwa kuna vijiji ambavyo hufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili wakue kabla ya kuvuliwa.

Lakini si kila mchezo wenye jina la mazingira unafundisha mazingira. Niliwahi kushuhudia shindano la kuokota chupa za plastiki, mshindi mwenye gunia zito. Timu moja ikaenda kumwaga pipa la taka ili ipate za kuokota. Nilicheka, ila watoto hawakukosea: walifanya kilichokuwa na pointi.

Hoja nzito zaidi dhidi ya michezo hii aliitoa mtoto wa mvuvi palepale ufukweni. "Mwalimu, na wa baruti yuko timu gani?" Mwalimu akatabasamu, akapuliza filimbi. Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku tangu 1970, lakini kwa miaka mingi milipuko iliendelea kusikika katika pwani hii, na tumbawe likishapasuka halirudi kwa raundi moja. Mchezo unachukulia kwamba wote wana mikono sawa na njaa sawa. Jioni korosho zinarudi kwenye mfuko na hakuna aliyelala bila kitoweo. Na gesi asilia ya Mnazi Bay, huku huku Mtwara, utaichezaje? Mwaka 2013 Mtwara iliingia kwenye vurugu kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam. Ubishi ulikuwa nani anaamua na nani ananufaika. Ukimfundisha kijana kwamba rasilimali zinaisha kwa tamaa yake yeye na jirani yake tu, umemficha nusu ya habari.

Wapo wanaosema michezo inakula muda wa kujiandaa na mitihani; hilo silipi uzito mkubwa. Mchezo wenyewe ulichukua chini ya saa moja. Ninachokidai ni mazungumzo baada ya filimbi yasifupishwe, kwa sababu ndiyo somo lenyewe. Mimi ningeanza na swali la yule mtoto wa mvuvi. Kwa siri, mpe mchezaji mmoja ruhusa ya kuzoa kwa mikono miwili, halafu waachie wenyewe waamue wamfanye nini, wampeleke kwa nani, na itakuwaje kama huyo wa kupelekewa naye anakula samaki wa mzoaji huyo.