Nikijikuna Tu, Kila Mtu Daktari

Jamani, pumu ya ngozi, yaani ukurutu, mimi ninayo tangu utotoni, sijaiazima kwa mtu. Lakini hapa Mbagala jikune kiwiko mara mbili ndani ya daladala uone abiria wanavyogeuka madaktari bingwa. "Kaka, hiyo damu chafu. Kunywa mwarobaini." Nikanywa. Wanasema mti umeitwa hivyo kwa sababu unatibu maradhi arobaini. Langu litakuwa la arobaini na moja, maana nilichopata ni uchungu tu, hadi chai ya sukari nikaiona maji ya betri.

Jirani akaja na manjano na mafuta ya nazi. Nikajipaka, nikalala. Asubuhi shuka la njano, mke wangu ananiuliza nimelala au nimeungwa. Paka wa mtaa mzima wakawa wananifuata hadi kituoni.

Hayo nimesamehe. Ya ndimu sisamehi. Mzee mmoja wa kijiweni kaniapia kwamba ndimu inaua wadudu. Wadudu gani, mzee wangu? Nami kwa akili zangu timamu nikajisugua mikono yote, nikakaa siti ya dirishani, jua la saa saba. Siku ya pili malengelenge, kisha mabaka meusi ya wiki kadhaa. Kumbe ndimu na jua hazikutani juu ya ngozi ya mtu.

Halafu kikopo cha krimu. Hakina jina, hakina tarehe, "mitishamba mitupu, bosi." Siku tatu ngozi laini kama ya kitoto, nikawa namtangazia muuzaji bure. Kilipoisha, ukurutu ukarudi na ndugu zake hadi shingoni. Namfuata, ananiambia, "Hiyo sumu inatoka. Ongeza kingine." Nikaongeza! Elfu kumi na tano!

Daktari alikigeuzageuza. "Kilikuponya haraka, ulipoacha ikarudi zaidi?" Utadhani alikuwepo. Akasema krimu nyingine za namna hiyo huchanganywa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho, kimyakimya, na ukijipaka kiholela ngozi inakonda. Mwili wote huu haujawahi kukonda popote, leo ianze ngozi! Akanipa tyubu yenye maelezo, akanikataza sabuni za manukato, akasema nikitoka kuoga nijipake mafuta mgando kabla ngozi haijakauka.

Mafuta mgando! Nimefika nayo nyumbani, mama mkwe kayatazama kwa huruma: "Mkwe wangu, haya si ya watoto wachanga?" Akaingia jikoni. Sasa hivi nasikia sufuria inachemka, na wali tumeshakula.