Sola ya Bremen na sola ya Handeni

Naishi Bremen, Ujerumani, mwaka wa tisa sasa, nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu. Kiangazi kilichopita nilinunua paneli mbili na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa paneli uwe kama wa ukutani) ya wati 800 kwa yuro 430, mzigo ukaletwa mpaka mlangoni. Mimi na mume wangu tulizifunga kwenye vyuma vya roshani mchana mmoja, tukachomeka plagi kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, nikajisajili kwenye tovuti ya serikali kwa simu. Basi. Hatukuita fundi wala hatukuomba kibali kwa watu wa umeme. Kodi ya ongezeko la thamani haikuwemo kwenye bei, kwa sababu tangu Januari 2023 Ujerumani imeiondoa kwa sola za majumbani. Hata mwenye nyumba hawezi tena kukukatalia bila sababu ya msingi, sheria ya Oktoba 2024 imemfunga mikono.

Nilipowapigia nyumbani, Handeni, Tanzania, niwaonyeshe, mdogo wangu akauliza, "Dada, kwani huko jua lipo?" Swali la haki kabisa. Desemba huku jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi, na saa kumi na dakika chache jioni limeshazama. Paneli ileile ikiwekwa Handeni inatoa umeme mwingi kuliko hapa, na inatoa mwaka mzima. Halafu bado mimi wa Bremen ndiye niliyepata sola ya bei nafuu, na mama yangu wa Handeni ndiye aliyepata ya ghali. Hilo ndilo linaloniuma.

Ya mama niliilipia mwaka 2021. Nguzo za umeme kwetu ziliishia shuleni, na kutoka shuleni hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Nikatuma milioni moja na laki nne: paneli mbili za wati 150, betri ya Ah (ampea-saa) 100, chaji kontrola ya kusimamia uchajiaji wa betri, inveta ndogo, waya, taa sita na ujira wa fundi. Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Mama aliniambia watoto wa jirani wamekuja kusomea sebuleni, na yeye amekaa nao mpaka saa nne usiku bila kununua mafuta ya taa.

Mwezi wa kumi na tatu akanipigia. "Mwanangu, taa zimeanza kukonyeza saa mbili tu." Baada ya wiki chache zikawa haziwaki kabisa. Mdogo wangu akapanda juu ya bati kuangalia. Nyuma ya paneli kibandiko kilikuwa kimejikunja kwa joto, alipokibandua akakuta kingine chini yake: wati 100. Betri nayo ilikuwa ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ichajiwe hapohapo. Ukiinyonya kila usiku mpaka chini, mwaka haumalizi salama. Muuzaji akasema garantii haipo kwa sababu risiti hatuna. Na kweli hatukuwa nayo, kilichokuwepo ni karatasi ya daftari yenye jumla na mstari chini yake.

Watu wengi huku wakisikia kisa hiki wanasema tatizo la Afrika ni utapeli. Mimi sikubali likaishia hapo. Angalieni hesabu.

Uniti moja ya umeme hapa inanigharimu senti 35 za yuro, ambazo ni kama shilingi elfu moja za kwetu. Kila uniti ya roshani ninayoitumia mwenyewe ni elfu moja iliyobaki mfukoni, kwa hiyo yuro zangu 430 zitakuwa zimerudi ndani ya miaka mitatu au minne. Nyumbani, mtumiaji mdogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa uniti 75 za mwanzo kila mwezi. Mwenye LUKU (mita ya kulipia umeme kabla) ya namna hiyo akinunua sola ili kuokoa pesa, atasubiri mpaka wajukuu waote mvi. Ndiyo maana wa mjini ananunua sola kwa hofu ya kukatika umeme, tena hicho ni kitu kingine.

Anayeihitaji kwelikweli ni yule ambaye nguzo haijamfikia, na huyo analazimika kununua betri. Mimi sina betri. Jua likizama navuta umeme wa gridi kama jirani yangu yeyote. Gridi ndiyo ghala langu, na ilijengwa kabla sijafika Ujerumani. Mama yangu anajenga ghala lake mwenyewe kwa pesa yake, na ghala hilo ndilo linalokufa kwanza.

Halafu kuna pesa yenyewe. Kupata yuro 430 hapa ni kubana matumizi miezi miwili. Nyumbani mkulima wa mahindi hawezi kutoa milioni kwa mkupuo, na benki akiipata ni riba ya kama asilimia 15 kwa mwaka, achilia mbali wakopeshaji wa mtaani wanaotaka asilimia 10 kwa mwezi. Ndiyo maana mtindo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, uliosambaa Kenya kupitia kampuni ya M-KOPA tangu 2012, umependwa sana na watu wa vijijini. Siubezi. Kulipa kila siku kiasi ulichokuwa unanunulia mafuta ya kibatari na kuchajishia simu kwa kinyozi ni mpango wenye akili. Ila ukimaliza kulipa, jumla inakuwa imeizidi mbali bei ya taslimu, na ukikwama wiki moja, taa zinazimwa kutoka mbali. Maskini analipa zaidi kwa jua linalomchoma kila siku shambani.

Kwa hiyo tunapojadili sola ni ghali au rahisi, tusiishie kwenye bei ya paneli. Paneli zimeshuka bei dunia nzima. Tuulize nani anakagua vibandiko kabla havijafika gulioni, na kwa nini mkopo wa betri uwe na riba ya mkopo wa pikipiki. Ukaguzi wa bidhaa nyumbani upo, nataka uonekane kwenye maduka ya wilayani, si bandarini peke yake. Na VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini, ambavyo mama zetu wanaviendesha kwa uaminifu wa miaka, vikipata mtaji wa riba ndogo kwa ajili ya betri nzuri, vitalipa. Nimeona daftari la kikundi cha mama. Hakuna deni lililolala.

Mwaka huu tumemwekea betri ya lithiamu. Safari hii sikutuma pesa mkononi mwa fundi. Mdogo wangu alikwenda Tanga mjini, akapima betri dukani kwa mita, akadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na karatasi ya garantii ya miaka mitano, akanipigia picha zote mbili kabla sijalipa. Mama ameziweka kwenye sanduku lake la bati, pamoja na hati ya shamba.