Mtoto wa mgonjwa wa skizofrenia hahitaji picha ya ubongo

Mzazi akiugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini anafuatwa, macho ya ndugu huhamia kwa watoto wake. Mtoto akikaa kimya, wanasema imeanza. Akicheka peke yake, imeanza. Siku hizi limeongezeka swali jingine, na huulizwa kwa nia njema kabisa: tukimpeleka apigwe MRI, yaani picha ya ubongo ya mashine ya sumaku, si tutajua mapema? Mimi nasema tusimpeleke.

Swali lenyewe halikuzuka hewani. Mwaka 1976, London, Eve Johnstone, Tim Crow na wenzao waliwapiga wagonjwa wa skizofrenia picha za CT, aina ya eksirei inayoonyesha ndani ya kichwa, wakaona vile vyumba vya maji vilivyomo ndani ya ubongo vimepanuka kuliko vya watu wasiougua. Watafiti wakabaki wakijiuliza mabadiliko hayo huanza lini. Mwaka 2010 John Gilmore na wenzake wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walitoa matokeo ya watoto wachanga 26 waliozaliwa na akina mama wenye skizofrenia au ugonjwa wa jamii yake. Wavulana walikuwa na vyumba vya maji vikubwa zaidi, kwa wastani. Kwa wasichana hawakuona tofauti.

Hilo peke yake lilipaswa kutuondolea lawama nyingi. Ikiwa dalili za hatari zinaweza kuonekana kabla mtoto hajatamka neno, basi yule mama anayeambiwa alidekeza, au jirani anayesingiziwa uchawi, anaonewa bure.

Ila utafiti ninaotamani kila familia iusikie ni wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, ambako Judith Rapoport na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto walioanza kuugua skizofrenia wakiwa wadogo sana. Waliwapima na ndugu zao wasiougua. Matokeo yaliyotoka mwaka 2007, yaliyoandikwa na Nitin Gogtay na wenzake, yalionyesha kwamba ndugu hao walipokuwa wadogo, tabaka la nje la ubongo wao lilikuwa jembamba sehemu za mbele na za pembeni, mfano wa wagonjwa wenyewe. Walipokaribia miaka 20, tofauti ile ilikuwa imetoweka. Hebu fikiria mtoto kama huyo angepigwa picha akiwa na miaka 10, kisha ukoo mzima ukaambiwa. Ubongo wake ungeendelea kukua na kujirekebisha huku yeye akilelewa kama kichaa mtarajiwa, na siku ya posa mtu angekumbushia ile picha.

Halafu kuna suala la wastani. Mwaka 2021 muungano wa watafiti uitwao ENIGMA ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 kutoka vituo 31, wakiwemo vijana waliokwisha kuonyesha dalili za awali. Tofauti ya unene wa tabaka la ubongo ilikuwepo, lakini ndogo sana. Wavulana wa kidato cha nne ni warefu kuliko wasichana kwa wastani, lakini ukitajiwa urefu wa mwanafunzi mmoja tu, huwezi kuapa ni mvulana au msichana. Picha ya mtoto mmoja inasomeka hivyohivyo. MRI ina kazi yake: daktari huiagiza kwa mtu mwenye dalili ili ajue kama kuna uvimbe au tatizo jingine. Haitabiri.

Mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano wa takriban 1 kati ya 10 wa kuugua. Wengi zaidi hawaugui. Wanachokipata wote, waugue wasiugue, ni maisha ndani ya nyumba yenye ugonjwa, na hapo ndipo ningependa fedha na huruma zetu ziende. Watafiti wa Denmark wanawafuatilia watoto 522 tangu walipokuwa na miaka 7, na miongoni mwa waliyoyaona ni kwamba nyumba zenye mzazi mwenye skizofrenia zilikosa mara nyingi zaidi malezi na mazingira ya kutosha, ingawa nyingi zilikuwa salama. Kulirekebisha hilo hakuhitaji mashine. Mzazi apate dawa bila kukatiza. Shangazi au babu awepo siku ambazo mama hawezi kuamka. Mtoto aelezwe ukweli kwamba mama anaumwa, na kwamba si yeye aliyemuudhi. Akifika ujana, aambiwe bila kuzungushwa kwamba bangi kwake ni hatari kuliko kwa wenzake.

Na ikitokea kijana anasikia sauti, hapati usingizi, anajifungia, anaamini anafuatwa, masomo yanaporomoka ghafla, usisubiri amalize mtihani wala usianzie kwa mganga. Mpeleke hospitali ya mkoa au ya kaunti, au hospitali ya akili kama Mirembe, Mathari au Butabika, palipo karibu nawe. Kadiri ugonjwa unavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu, na daktari ataanza kwa kumsikiliza.